Richard J. Daley: kofia mbili zilizoishika Chicago kwa miaka 21

Tanzania tumejadiliana zaidi ya mara moja kama inafaa rais wa nchi awe pia mwenyekiti wa chama chake, na mjadala huo tumeuita wa kofia mbili. Kila unapozuka, mawazo yangu huenda Chicago, kwa mtu aliyevaa kofia mbili tangu siku aliyoapishwa hadi siku aliyofariki. Richard J. Daley aliingia ofisi ya meya Aprili 1955 na akafia madarakani Desemba 1976. Alishinda chaguzi sita mfululizo, na katika muda huo Ikulu ya Washington ilikaliwa na marais watano.

Vitabu vingi vimeandikwa juu yake. Wanaompenda humwita mjenzi wa jiji, wanaomchukia humwita mbabe. Mimi naona pande zote mbili zinamtazama akiwa ameketi kwenye kiti kisicho chake. Zinamtazama meya, wakati nguvu ilitoka kwa mwenyekiti wa chama.

Kisheria, meya wa Chicago ni dhaifu. Jiji lina kata 50 na madiwani 50, na mamlaka makubwa yamewekwa kwenye baraza lao. Msomaji wa Dar es Salaam hatahitaji maelezo marefu, kwa maana kwetu nako meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na mkurugenzi anayesimamia fedha za halmashauri huteuliwa na Rais. Martin Kennelly, mfanyabiashara aliyekuwa meya kabla ya Daley, aliutumikia udhaifu huo kwa miaka minane. Alizindua, alihutubia, alipigwa picha, huku madiwani wakigawana jiji. Daley alikuwa amekwisha kuona mambo yanakoamuliwa. Mwaka 1953 alichukua uenyekiti wa chama cha Democratic katika kaunti ya Cook, ambayo Chicago imo ndani yake. Miaka miwili baadaye Kennelly alipotaka muhula wa tatu, chama kilimpa kisogo. Daley alimshinda kwenye kura za maoni Februari 1955, na Aprili akamshinda Robert Merriam wa Republican. Wakati wa kampeni alisema akiwa meya ataachia uenyekiti. Hakuuachia kamwe.

Tazama sasa jinsi kofia hizo zilivyosaidiana. Kila kata ilikuwa na mkuu wa chama, na chini yake makapteni wa mitaa, zaidi ya 3,000 jiji zima. Aliyewahi kuishi chini ya balozi wa nyumba kumi anamjua mtu huyu. Anajua nani amefiwa, nani kapoteza kazi, taa ipi ya mtaani haiwaki, kijana wa nani yuko rumande. Tofauti ni kwamba kapteni wa Chicago kwa kawaida alikuwa na ajira ya serikali: kuzoa taka, kulinda daraja, kukagua majengo, kuandika nyaraka mahakamani. Ajira hiyo aliipata kwa barua ya mkuu wa kata, na aliendelea nayo maadamu mtaa wake uliendelea kuleta kura. Makadirio ya kawaida yanaweka ajira za namna hii kati ya 30,000 na 40,000. Kulikuwa na sheria ya utumishi wa umma yenye mitihani na ngazi, lakini ilikwepwa kwa kuwaajiri watu kama vibarua wa muda, na muda huo ukaongezwa tena na tena mpaka kibarua akastaafu.

Meya ndiye aliyekuwa na ajira, mwenyekiti ndiye aliyekuwa na orodha ya wanaostahili, na wote wawili walikuwa mtu mmoja. Diwani aliyempinga asubuhi barazani alijua kwamba jioni watu wa kata yake wangeanza kupunguzwa kazini. Mapema kabisa Daley aliwanyang'anya madiwani kazi ya kuandaa bajeti akaihamishia ofisini kwake. Baada ya hapo wengi wao barazani walikuwa wa kuinua mikono tu.

Ni rahisi kuulaani mfumo huu ukiwa umeshiba. Kwa familia iliyohamia jijini bila elimu na bila mjomba mwenye duka, barua ya mkuu wa kata ilikuwa karo, kodi ya nyumba na pensheni. Fraser Robinson, Mmarekani Mweusi wa upande wa kusini wa jiji, alifanya kazi kwenye mtambo wa maji wa manispaa na alikuwa kapteni wa chama mtaani kwake. Mshahara ule ulisomesha watoto wawili mpaka Chuo Kikuu cha Princeton. Mmoja wao, Michelle, ndiye aliyeolewa na Barack Obama, mtoto wa Mkenya. Kwa hiyo simkebehi mtu aliyempigia Daley kura kwa sababu ya kazi. Mkono mtupu haulambwi, na walioujua ukweli huo zaidi ya wote ni watu waliokuwa na njaa.

Daley mwenyewe alitoka humo. Alizaliwa Mei 1902 mtaa wa Bridgeport, mtoto wa pekee wa fundi bati mwenye asili ya Ireland, karibu na machinjio makubwa ya Union Stock Yards. Upepo ukigeuka, harufu ya damu na samadi iliingia majumbani. Shule ya sekondari ya Wakatoliki aliyosoma ilimfundisha kutunza vitabu vya hesabu na kupiga taipu. Alifanya kazi machinjioni, kisha akawa karani wa diwani wa kata yake, na usiku akasomea sheria Chuo Kikuu cha DePaul. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kuipata shahada hiyo, mwaka 1933. Hakuwa msemaji. Maneno yalimteleza mbele ya kipaza sauti mpaka waandishi wakawa wanakusanya makosa yake. Lakini aliijua bajeti ya jiji mstari kwa mstari, kama mke wa nyumbani anavyojua unga uliobaki. Alipita bunge la jimbo, akawa mkuu wa mapato wa jimbo la Illinois chini ya gavana Adlai Stevenson, kisha karani wa kaunti. Uchaguzi pekee aliowahi kushindwa ni wa usherifu wa kaunti, mwaka 1946.

Kuna jambo jingine la ujana wake ambalo siwezi kuliruka. Daley alikuwa mwanachama wa klabu ya vijana wa Bridgeport iliyoitwa Hamburg, na baadaye aliiongoza kwa karibu miaka 15. Julai 1919 kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akiogelea ziwani alipovuka mstari usioandikwa kati ya ufukwe wa Weusi na wa Weupe. Alirushiwa mawe, akazama, akafa. Vurugu zilizofuata ziliua watu 38, Weusi 23 na Weupe 15. Uchunguzi wa wakati ule ulizitaja klabu za vijana wa Kizungu, Hamburg ikiwamo, miongoni mwa waliochochea mashambulizi. Daley naye alikuwa na miaka 17. Aliishi miaka 57 zaidi, na hakuwahi kueleza waziwazi alikuwa wapi siku zile. Simhukumu kwa alichofanya au asichofanya akiwa mvulana. Kimya cha meya ndicho kinachonisumbua.

Alijenga, hilo halina ubishi. Uwanja wa ndege wa O'Hare uliozinduliwa na Rais Kennedy mwaka 1963, barabara kuu za kuingia na kutoka mjini, ukumbi wa maonyesho kando ya ziwa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Illinois, na katikati ya jiji maghorofa yaliyofikia kilele kwa Sears Tower, mita 442, jengo refu kuliko yote duniani lilipokamilika katikati ya miaka ya 1970. Taka zilizolewa, theluji iliondolewa, mitaa iliwaka taa. New York ilipokaribia kufilisika mwaka 1975, Chicago ililipa madeni yake na watu wakasema hili ndilo jiji linalofanya kazi. Sifa hiyo ina ukweli, lakini vitabu visomwe vizuri. Misaada ya maskini, usafiri wa umma na shule zilikuwa na bajeti nje ya ile ya jiji. Mwaka 1979, Daley akiwa kaburini miaka mitatu, mfumo wa shule ulishindwa kupata wakopeshaji, na walimu wakafika Krismasi bila mshahara. Hata kampasi ile ya chuo kikuu iliangukia juu ya mtaa wa Waitaliano na Wagiriki. Mama mmoja wa hapo, Florence Scala, aliongoza majirani zake kupinga mpaka mahakama kuu ya nchi, wakashindwa, wakabomolewa.

Lakini pa kumpima Daley kwa haki ni kwenye ardhi ya upande wa kusini, kwenye mtaa wa State.

Kati ya mwaka 1950 na 1960 Wamarekani Weusi wa Chicago waliongezeka kutoka karibu 492,000 hadi karibu 813,000. Wengi walitoka Mississippi, Arkansas na majimbo mengine ya kusini, wakakuta mitaa ya kuwapokea imejaa pomoni, na ya jirani imefungwa na madalali, mabenki na mawe ya usiku. Nyumba za umma zingeweza kujengwa popote penye nafasi. Sheria ya jimbo, hata hivyo, iliwapa madiwani sauti juu ya kila kiwanja, na madiwani wa kata za Weupe walikataa kimoja baada ya kingine. Zilizobaki zikarundikwa pale pale Weusi walipokuwa wamerundikwa. Mwaka 1962 ulikamilika mradi wa Robert Taylor: maghorofa 28 ya ngazi 16, karibu nyumba 4,400, yamesimama kwa safu ya kilomita tatu. Katika kujaa kwake waliishi humo watu wapatao 27,000, wengi wao watoto. Serikali kuu nayo ina lawama, maana iliweka ukomo wa gharama kwa kila nyumba na ukomo huo ukasukuma ujenzi kwenda juu. Lakini mahali pa kujenga paliamuliwa Chicago. Miaka hiyo hiyo barabara ya Dan Ryan ilifunguliwa, njia 14 za magari, ikalala kama mto kati ya maghorofa hayo na Bridgeport, alikoishi meya.

Na jina la mradi? Robert Taylor alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kuwa mwenyekiti wa mamlaka ya nyumba ya Chicago. Alijiuzulu mwaka 1950 kwa sababu baraza la jiji lilikataa viwanja ambavyo vingewachanganya watu wa rangi zote. Alifariki mwaka 1957. Jina lake likabandikwa juu ya kitu kile kile alichokiachia kazi.

Mwaka mmoja baada ya maghorofa kukamilika, Daley alikaribia kuanguka. Katika uchaguzi wa 1963 Benjamin Adamowski wa Republican alipata kura nyingi za Weupe kuliko yeye. Aliyemwokoa ni mpiga kura Mweusi, aliyeletwa kituoni na mtandao wa William Dawson, mbunge Mweusi wa chama. Daley akashinda kwa tofauti ya kura takriban 139,000. Ungetarajia baada ya hapo deni lilipwe. Oktoba mwaka ule ule wanafunzi zaidi ya 200,000 waligoma kwenda shule, kwa sababu shule za watoto Weusi zilifurika hata wakasomeshwa kwenye mabanda ya kuhamishika, huku madarasa ya upande wa pili yakiwa na viti vitupu. Mkuu wa shule aliyeyaweka mabanda hayo, Benjamin Willis, alibaki kazini hadi 1966.

Hapa ndipo ninapoona kofia mbili zikimla aliyezivaa. Meya alikuwa na deni kwa wakazi wote. Mwenyekiti alikuwa na hesabu ya kura, na hesabu ilimwambia kwamba kata za Weusi zitaletwa tu na kina Dawson, ilhali kata za Weupe zimeanza kuhama. Kwa hiyo anayebembelezwa ni yule anayetishia kuondoka. Aliyebaki mwaminifu hupewa ahadi. Daley alitii hesabu hiyo kwa miaka 13 iliyobaki, na sijaona ushahidi kwamba ilimkosesha usingizi.

Januari 1966 Martin Luther King alihamia kwenye nyumba mbovu ya kupanga upande wa magharibi wa Chicago. Kusini mwa nchi alikuwa amezoea masherifu wanaoachia mbwa. Daley hakuachia mbwa. Alimpokea, alikubali kwamba nyumba mbovu ni tatizo, akatangaza miradi, akawatanguliza viongozi Weusi wa chama waseme kwamba mgeni haujui mji. Agosti 5, kwenye maandamano ya Marquette Park, jiwe lilimpata King kichwani, naye akasema hajawahi kuona chuki ya namna ile hata Mississippi na Alabama. Agosti 26 yakafikiwa makubaliano juu ya kufungua mitaa, bila tarehe na bila chombo cha kuyalazimisha. Maandamano yakakoma. Uchaguzi wa Novemba ukapita. Makubaliano yakabaki kwenye karatasi. Mwaka huo huo Dorothy Gautreaux, mpangaji wa nyumba za umma, na wenzake walifungua kesi, na mwaka 1969 jaji wa shirikisho akaamua kwamba viwanja vya nyumba hizo vilikuwa vikichaguliwa kwa rangi ya watu. Mahakama ilithibitisha kile ambacho meya alikuwa akikikana.

King alipouawa Aprili 1968 na upande wa magharibi ukawaka moto, Daley alisimama mbele ya waandishi akasema polisi walipaswa kuua wachoma moto na kulemaza waporaji. Agosti ulifuata mkutano mkuu wa chama chake, na dunia ikaona kwenye televisheni polisi wakiwapiga virungu vijana waliokuwa wakipinga vita ya Vietnam. Tume iliyochunguza iliziita ghasia za polisi. Hayo ndiyo wageni wanayoyakumbuka zaidi juu ya Daley. Wapiga kura wa Chicago walimrudisha mwaka 1971 kwa asilimia zipatazo 70.

Nyufa zilianza mahali wengi hawakuangalia. Alfajiri ya Desemba 4, 1969 polisi wa mwendesha mashtaka Edward Hanrahan, kijana wa chama aliyetazamiwa kupanda juu, walimuua Fred Hampton, kiongozi wa chama cha wanaharakati Weusi cha Black Panther mwenye miaka 21, akiwa kitandani. Mwaka 1972 kata za Weusi zilifanya kitu kisichotarajiwa: zilimwacha mgombea wa chama na kumwangusha Hanrahan kwa kumpa kura Mrepublican. Mwaka huo huo Mbunge Ralph Metcalfe, mwanariadha wa Olimpiki ya 1936 aliyelelewa kisiasa na Dawson, alimkatalia Daley hadharani juu ya ukatili wa polisi. Mkutano mkuu wa taifa nao uliukataa ujumbe wa Daley na kuketisha ujumbe mwingine, Jesse Jackson akiwa miongoni mwa waliouongoza. Na kesi ya wakili kijana, Michael Shakman, ikazaa amri ya mahakama iliyozuia kumfukuza mtumishi kwa sababu za kisiasa. Kofia ya mwenyekiti ilikuwa ikitoboka.

Juu ya rushwa nitasema machache. Daley aliishi katika nyumba ile ile ya matofali aliyoijenga Bridgeport kabla ya vita, alisali misa kila asubuhi, hakuwahi kushtakiwa. Waliomzunguka walikwenda jela, akiwamo Thomas Keane, diwani mwenye nguvu kuliko wote barazani, aliyetiwa hatiani mwaka 1974. Watetezi wake husema yeye alikuwa msafi. Mtu anayejua kila kibarua wa jiji na kila shilingi ya bajeti, kisha asijue mkono wake wa kulia unafanya nini? Mimi siukubali utetezi huo.

Jumatatu ya Desemba 20, 1976 alizindua ukumbi wa michezo kusini mwa jiji, akarusha mpira wa kikapu, ukaingia. Saa chache baadaye moyo ulisimama akiwa ofisini kwa daktari wake. Alikuwa na miaka 74, na hakuwa amemwandaa mtu. Wakubwa wa chama wakafanya jambo ambalo yeye alilikataa maisha yake yote: walizitenganisha kofia. Umeya akapewa Michael Bilandic, uenyekiti George Dunne. Theluji kubwa ya Januari 1979 ikafunga mitaa, na mwezi uliofuata Bilandic akaangushwa na Jane Byrne. Mwaka 1983 Weusi, kwa kura walizokuwa wakimletea Daley miaka yote ile, wakishirikiana na Walatino na sehemu ya Weupe, walimchagua Harold Washington, meya wao wa kwanza.

Mtoto wa Daley, Richard M., alishika umeya mwaka 1989 na kuuachia 2011, akaivuka rekodi ya baba yake. Hakuwahi kuwa mwenyekiti wa chama. Alitawala zaidi kwa wenye mitaji na kwa mikataba, na habari zake zinahitaji makala yao. Nataka kutaja jambo moja tu. Ni wakati wa utawala wake maghorofa ya Robert Taylor yalipoangushwa, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho likabomolewa mwaka 2007. Naibu mkuu wa watumishi wa ofisi yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyemwajiri Michelle Robinson serikali ya jiji, alikuwa Valerie Jarrett, mjukuu wa Robert Taylor.